Nilichimba Mimi, Wanamnyooshea Kidole Mke Wangu

Mpendwa Bi. Abigael,

Nimeisoma safu yako kwa miaka mingi, mara nyingine nikicheka peke yangu kwa jinsi unavyowakaripia watu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami ningekaa mahali pao, lakini nimefika, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, kwa maana mwanzo wa habari hii huenda ukakuchekesha, ila mwisho wake ndio unaoninyima usingizi.

Mimi ni mzee wa kupita miaka sabini, naishi upande wa Marani na mke wangu, ambaye hapa nitamwita Damaris ingawa hilo si jina lake, na majina mengine pia nimeyabadilisha. Nilizaliwa kwenye mlima huu huu lakini sikukulia hapa, maana baba alituhamisha tukiwa wadogo tukaenda kulima pareto upande wa Molo, na huko ndiko nilikosoma, nikaajiriwa kuwa karani wa ushirika, nikaoa, nikajenga nyumba ya mbao yenye rafu ya vitabu iliyojaza ukuta mmoja mzima. Nyumba hiyo ilichomwa kwenye ghasia za uchaguzi za mwaka wa tisini na mbili, nikajenga nyingine palepale kwa sababu bado nilikuwa na nguvu na ubishi, na hiyo ya pili ikachomwa mwanzoni mwa 2008, mchana kweupe, mimi na Damaris tukiitazama kutoka shamba la jirani, tumelala kifudifudi katikati ya mahindi. Baada ya kukaa kwenye mahema, na baada ya kuombaomba nafasi kwa jamaa, tulirudi huku kwenye kipande alichoniachia baba, ambacho ukisimama mwisho wake mmoja unaweza kuzungumza na mtu aliye mwisho wa pili bila kupaza sauti. Watu huniita omogaka kwa heshima, jinsi mzee anavyoitwa kwetu, ila nikishapita nawasikia wakielezana kwamba ni yule wa Molo.

Bi. Abigael, hapa sina adui. Naishi kati ya watu wa lugha yangu na ukoo wangu, na kichwa changu kinalijua hilo vizuri, lakini mwili wangu bado haujalijua, kwa sababu kila mara magari ya wanasiasa yenye vipaza sauti yanapoanza kupanda barabara yetu, hujikuta nikiitazama milango ya nyumba na kutafuta upande wenye mahindi marefu. Sijawahi kumwambia mtu. Mwanangu Lewis, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini Kisii, anaamini baba yake hatishiki, kwa sababu ndivyo nilivyomsimulia mambo ya Molo, nikijitaja kila mahali nikiwa nimesimama wima. Basi mwaka jana, kelele za uchaguzi zilipoanza kusikika hata kabla ya wakati wake, niliamua kuchimba chumba chini ya nyumba yangu, chumba ambamo mimi na Damaris tungeweza kujificha, na niliamua kukichimba mwenyewe kwa mikono ili asijue fundi wala kibarua.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko kama nyumba nyingi za huku, na chumba cha nyuma, tunachowekea magunia, sakafu yake haijapigwa simiti. Nilihamisha magunia, nikachora mstatili kwa ncha ya panga, nikaanza kwa jembe, kisha sururu, kisha koleo ambalo nililikata mpini ili nipate nafasi ya kuligeuza. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, uliochanganyika na majivu ya mama yangu, maana jiko lake lilikuwa hapo zamani, na chini yake ukaja udongo mwekundu mwororo kama unga wa wimbi, na chini zaidi udongo wa manjano mgumu ambao sururu ilirukaruka juu yake. Nitakuwa mkweli, nilifurahia. Nilipima kingo kwa timazi, nikaziegemeza mbao, nikasimamisha nguzo za mkaratusi chini ya kuta za nyumba kwa kufuata picha niliyoiona katika kitabu, na kwa muda fulani nilijiona kijana tena, anayejenga. Tatizo lilikuwa udongo wenyewe. Mtu ambaye hajachimba hajui kwamba udongo ukitoka ardhini huongezeka, na lile shimo dogo lilitoa kilima. Niliupandisha kwa karai nikautandaza chini ya migomba, kidogo kidogo, nikiufunika kwa majani makavu.

Damaris nilimwambia nachimba stoo ya viazi. Nilimwomba asimwambie mtu yeyote, nikasema watu watacheka wakisikia mzee wa umri wangu anajifanya fundi, na kwamba nataka waione ikiwa imekwisha. Akasema sawa. Hajui kuvunja ahadi, mwanamke huyu, na hilo ndilo lililotuponza.

Siku moja alishuka kwa ngazi kuona nilipofika. Nilikuwa nimeweka benchi upande mmoja, na kupitisha bomba la plastiki kwenye kona ili hewa iingie. Alilitazama benchi kwa muda.

"Baba Lewis," akasema, "siku hizi viazi vinakaa kwenye benchi?"

Nikamwambia ni la kuinulia magunia yasipate unyevu. Akatazama bomba, akagusa ukuta kwa kiganja, akaanza kupanda ngazi, na alipofika juu akasema kwamba nipanue upande ule wa mashariki kidogo, miguu yangu ni mirefu. Nilidhani ananitania.

Sasa nije kwenye Sabato. Sisi ni Waadventista, na Damaris hakosi kanisani, lakini mimi niligundua kwamba siku ambayo majirani wote hawapo ni Jumamosi, kwa hiyo nikasingizia magoti. Damaris alikwenda peke yake, akawa anawaambia watu kwamba magoti ya mzee yamekataa mteremko, na wakati huohuo mimi nilikuwa nimepiga magoti hayohayo nikichokora udongo wa manjano. Na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa ukinishtaki kwa kukosa ibada, nilikuwa nikiimba huko chini, nyimbo za kanisani, si kwa sauti kubwa, lakini nilisahau bomba. Bomba lile linatokea kwenye majani ya ng'ombe mpakani mwetu na jirani yetu Roselyne. Jumamosi moja Roselyne hakuenda kanisani kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amezaa, akaja kukata majani, akasikia mwanamume anaimba ndani ya ardhi.

Sikumlaumu na simlaumu. Hata mimi ningekimbia. Lakini Roselyne alipomkuta Damaris kwenye chemchemi alimuuliza mbele ya wengine, "Mama Lewis, kwenu nani anaimba huko chini?" na Damaris, akiilinda siri yangu, akajibu kwamba ni redio. Roselyne akamwambia redio yetu imekuwa kwa fundi tangu mvua za kwanza, jambo ambalo ni kweli, na wanawake wakatazamana.

Kuanzia hapo mambo yaliunganishwa. Mtu akakumbuka udongo mbichi chini ya migomba yetu. Mwingine akasema ndizi zetu mwaka huu zimejaa kuliko za wengine wote, na ni kweli zimejaa, huenda ni kwa sababu ya ule udongo wenye majivu. Ikasemwa kwamba Mama Lewis ana mtu aliyekufa anayemfungia chini ya nyumba na kumlimisha, na ikasemwa kwamba huko Molo hatukufukuzwa bure. Unaishi na sisi, Bi. Abigael, unajua huku jina la uchawi likishamshika mwanamke mzee linaweza kumfikisha wapi. Mimi mzee nachimba, na mchawi anakuwa mke wangu. Hakuna hata mmoja aliyenitaja.

Nilisikia haya kwa Damaris mwenyewe, aliyenisimulia akimenya ndizi, kama mtu anayesimulia habari za kijiji kingine. Nilimwambia yatapoa.

Kisha mzee wa kanisa, Nyasani, akaja na wenzake wawili. Tulikaa sebuleni. Alizungumza vizuri, kwa haya, akiuliza magoti yangu kwanza.

"Mzee, sisi hatuamini maneno ya watu," akasema. "Tuambie tu kwamba chini ya nyumba hii hakuna kitu, tukawanyamazishe."

Nilicheka. "Chini ya nyumba yangu kuna udongo, Nyasani, kama chini ya nyumba yako."

Wakacheka nao kidogo, na nadhani angeinuka aende, lakini akainama kuelekea kwangu akapunguza sauti. "Na mama? Huenda kuna jambo analofanya ambalo wewe hulioni."

Hapo, Bi. Abigael, ilitosha niseme neno moja. Ilitosha niwainue niwapeleke chumba cha nyuma, hatua chache tu. Niliwaza jinsi watakavyolitazama lile benchi, jinsi watakavyouliza ni la nini, jinsi habari itakavyofika kwa Lewis mjini kwamba baba yake amejichimbia pango kama panya, na ulimi wangu ukasema maneno haya, ambayo nayaandika kama yalivyotoka:

"Mimi sikai nyumbani kila saa. Siwezi kuapa kwa niaba ya mtu mwingine."

Damaris alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliwamiminia. Nyasani akasema amefunga, wenzake wakasema wamekunywa walikotoka. Walipoondoka alikusanya vikombe vilivyojaa, akaimwaga chai kwenye nyasi, akarudi akaniuliza kama yangu aipashe. Tumeoana tangu tukiwa vijana, na siwezi tena kumwangalia anapokunja kanga yake.

Tangu hapo akina mama wanaopika kwenye makambi ya kanisa, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka, ambao Damaris amekuwa akiwaongoza jikoni kila mwaka, wamemwambia kwa upole kwamba mwaka huu apumzike. Sokoni anapanga ndizi zake chini kwenye gunia kama kawaida, na wateja wanapita kana kwamba pale hapana mtu. Jioni anarudi nazo. Juma lililopita mawe yalitupwa juu ya bati letu, na Lewis amepigiwa simu na rafiki yake kwamba kuna vijana wanaosema makambi yakiisha watasafisha kijiji. Ng'ambo ya mto, miaka michache iliyopita, vijana walisema maneno hayohayo, na mama mmoja mzee akateketea ndani ya nyumba yake. Nilikwenda kwenye mazishi yake. Niliwalaani waliofanya vile, kwa sauti, mbele ya watu.

Nimefikiria kulifukia shimo kimyakimya, yawe yamekwisha. Nimefikiria kumchukua Damaris twende kwa Lewis, na kuhama si jambo geni kwetu. Na nimefikiria kusema ukweli, lakini nikiusema watajua kwamba nilimdanganya mzee wa kanisa usoni, kwamba nilichimba siku ya Sabato, kwamba mimi ni mwoga, na kwamba naishi kati ya ndugu zangu huku nikiwaogopa kama maadui, jambo ambalo huenda wasinisamehe kamwe. Nimeandika barua za ofisi maisha yangu yote na sijui nianze vipi sentensi hiyo moja. Nisaidie.

Mzee mwenye aibu,
Marani.

*

Mzee wangu,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, nikakusoma tena, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake. Namba uliyoandika nimeipiga na haipatikani, kwa hiyo nakujibu hapa, haraka, na wewe fanya haraka vilevile.

Nianze kwa kukuondolea aibu isiyo yako. Mtu aliyechomewa nyumba mara mbili, akalala kifudifudi akiitazama ikiungua, akisikia vipaza sauti na kuanza kutafuta mahindi marefu, hana kosa lolote. Wako wengi kama wewe katika kaunti hii na ile ya Nyamira. Wananiandikia. Mmoja hawezi kulala bila viatu. Mwingine, mama wa heshima kabisa, kila mwaka wa uchaguzi hufunga vyeti vya watoto kwenye mfuko na kuufukia bandani kwa kuku. Ungesema hofu yako kanisani kwenu ungeshangaa ni wangapi wangeitikia kwa kichwa. Uliibeba peke yako kwa sababu ulimsimulia mwanao hadithi ambayo ndani yake hukulala chini hata mara moja. Lewis ni mtu mzima, anauza vipuri, anajua vyuma huvunjika. Mwambie.

Aibu iliyo yako ni ile ya sebuleni, na hiyo siwezi kukuondolea. Uliulizwa kuhusu mke wako, akiwa amesimama mlangoni na chai mkononi, nawe ukamwacha mikononi mwa wageni. Usiniambie ni hofu ya moto iliyokufanya useme vile. Nyasani hakuja na kiberiti. Uliogopa kuchekwa, Mzee, na ukaona afadhali mkeo aitwe mchawi kuliko wewe uitwe mwoga. Nakuandikia hivi kwa ukali kwa sababu unaandika vizuri, na mtu anayeandika vizuri anaweza kuipamba aibu yake hadi akaanza kukaa ndani yake kwa starehe.

Na jambo jingine, ambalo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Mwanamke anayedhani shimo ni la viazi hazungumzii urefu wa miguu yako. Damaris alilala kando yako kwenye yale mahindi. Aliliona benchi, akaliona bomba, akajua kila kitu siku ile ile, na hakukucheka. Alikupimia nafasi. Kisha akaenda kwenye chemchemi akasema uongo wa redio ili uendelee kuonekana mwanamume mbele ya watu. Wewe ndiye uliyekuwa ukifichwa, tangu mwanzo, na yeye.

Sasa tuje kwenye mipango yako. Kulifukia kimyakimya hakuwezekani. Udongo ulioutandaza utautoa chini ya migomba tena, karai kwa karai, kijiji kizima kikikuangalia? Watasema mnamzika yule mfu wenu. Kukimbilia mjini nako ni kumwandikia Damaris hukumu kwa mkono wako, maana anayeondoka sasa hivi ataitwa mchawi aliyetoroka, na hatarudi kwenye migomba yake milele. Na msije hata siku moja mkaingia humo kujificha. Karani mzima, umepima kwa timazi, hukufikiria moshi? Chumba chenye mlango mmoja chini ya nyumba inayoungua ni kaburi, na bomba lako litavuta moshi ndani kama kiko cha tumbaku.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, keti na Damaris, umwombe msamaha kwa yale maneno ya sebuleni. Yataje kama yalivyotoka, usiyalainishe. Usimweleze kwa nini ulisema. Anajua kwa nini. Muulize kama yuko tayari kwa haya yanayofuata, na akisema subiri, subiri, kwa sababu ni jina lake na shingo yake. Sidhani atasema subiri.

Mpigie Lewis aje, alale kwenu hadi makambi yapite. Nendeni pamoja kwa naibu wa chifu, mkamweleze habari za mawe na maneno ya vijana, na hayo ya vijana muyapeleke pia kituo cha polisi yaandikwe. Usione haya kuyapeleka kwa sababu ya ukoo. Kisha tafuta fundi wa mawe aliyezoea misingi, akague zile nguzo zako za mkaratusi, maana kitabu chenye picha si sawa na mteremko wa Kisii wakati wa mvua, na sitaki nisikie umewakaribisha watu ushahidi ukawaangukia. Mpaka fundi aseme ni salama, asishuke mtu. Wasimame juu watazame kwa tochi, inatosha.

Halafu mwite Nyasani na wale wenzake wawili, na Roselyne, na wale akina mama waliomwambia apumzike. Waite mchana. Mwombe naibu wa chifu awepo. Fungua mdomo wa shimo, waone. Na usimwache Lewis aseme, wala Nyasani, wala usimwache Damaris ajitetee. Unasema hujui sentensi hiyo inaanzaje. Inaanza hivi: "Nilichimba mimi. Aliyesikika akiimba ni mimi. Mke wangu alikuwa anatunza siri yangu, na nilipoulizwa juu yake nilimsaliti." Ukishasema hayo, nyamaza. Watakaocheka wacheke. Nina hakika Roselyne atacheka kuliko wote, kwa kupumua tu, maana naye maskini hajalala tangu siku ile. Kama mtu atasema umewatukana kwa kuwaogopa, mwambie ukweli, kwamba mwili wako bado uko Molo na unajaribu kuurudisha nyumbani. Habari ya Sabato kamalizane na mchungaji wako. Mimi sina mamlaka nayo.

Shimo lenyewe lifanywe anavyotaka Damaris. Akitaka lifukiwe, vijana wale wanaotafuta kazi ya kusafisha kijiji wapewe makarai. Akitaka liwe stoo ya viazi kweli, liwe stoo. Wewe hutakuwa na kura katika jambo hilo.

Najua utataka kungoja kidogo, labda Sabato ipite, labda upate maneno mazuri zaidi. Nikukumbushe, Mzee, kwamba umeniandikia gazetini. Majina umeyabadilisha, lakini mzee wa Marani aliyeimba chini ya ardhi ni mmoja tu, na majirani zako nao wanasoma. Huenda ulitaka nikusemee. Sehemu yangu nimeisema. Iliyobaki haisemeki na mtu mwingine, na kama hutaiwahi itakukuta umekaa kwenye kiti chako ukiwa na gazeti mkononi, na hapo hata wakimsamehe Damaris, hatakuwa amesimamiwa na mumewe.

Siku ya soko usimwache aende peke yake. Ubebe mkungu wewe, begani, upite nao katikati ya watu, na wanaume wenzako wakikuuliza tangu lini umekuwa mchuuzi, wajibu ni tangu leo. Keti kando yake kwenye gunia. Mteja wa kwanza huenda asije hadi jua liwe kali, huenda asije siku hiyo kabisa. Kaa hapo hapo. Damaris akisema sasa twende nyumbani, ndipo uinuke.

Bi. Abigael